Daktari Patrick Manson, Aliyeifuata Njia ya Mtoto wa Mnyoo

Kila aliyelima shamba la mahindi amemwona kiwavi, na kila aliyeacha nyama wazi amewaona mabuu. Kiwavi hana mabawa wala hana umbo la kipepeo, walakini ndiye kipepeo katika utoto wake. Buu hana miguu, naye ndiye inzi wa kesho. Nao viluwiluwi wanaocheza katika maji ya pipa, wakipanda juu kuvuta pumzi na kushuka tena, ndio mbu watakaotuimbia masikioni baada ya siku chache. Viumbe hawa wamepewa utoto usiofanana na ukubwa wao: umbo ni jingine, makao ni mengine, na mara nyingi chakula nacho ni kingine. Kwa hiyo watu wa zamani waliwaona utotoni wakawapa jina moja, wakawaona ukubwani wakawapa jina la pili, wasijue ya kuwa ni kiumbe yule yule.

Minyoo wanaokaa katika miili ya watu nao wana utoto wa namna hiyo, tena utoto wao umefichika zaidi, kwa kuwa wengi huupitisha ndani ya mwili wa kiumbe mwingine kabisa. Mnyoo mzazi yumo katika mtu; mtoto wake hulelewa katika mbu, au katika konokono, au katika nyama ya ng'ombe. Asiyejua mahali mtoto anapolelewa hawezi kuufunga mlango anaoingilia. Mwezi huu twataka kueleza maisha ya mtu aliyekuwa wa kwanza kumwona mtoto wa mnyoo wa binadamu akikua ndani ya mbu. Naye ni Daktari Patrick Manson, Mskoti, aliyefariki mwaka 1922.

Twaeleza habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa alioufuatia ni matende, nao twaujua sana sisi tuliokulia pwani. Pili, mtu huyu aliona jambo kubwa la kweli, akalichanganya na kosa moja dogo, na kosa lile likakaa miaka zaidi ya 20 kabla ya kuondolewa. Mwenye kutaka kujifunza atapata faida katika ile kweli, na pengine atapata faida kubwa zaidi katika lile kosa.

Matende hayahitaji kuelezwa sana kwa watu wa pwani. Huanza kwa homa za vipindi na mitoki ya kinena, miaka hupita, halafu mguu hufura, ngozi hukakamaa na kupasuka, hata mguu wa mtu huonekana kama wa tembo. Kwa wanaume wengine ugonjwa huo huo huleta mabusha. Wako waliosema ni kulogwa, wako waliosema ni kuvuka kitu kilichozikwa njiani, na mpaka leo wako wasemao kwamba mabusha huletwa na kunywa madafu. Mwenye matende huona haya. Hukaa nyuma watu wakikusanyika, na katika arusi huketi mahali pasipo na macho ya watu. Uvimbe humtesa kwa upande mmoja, na maneno ya watu humtesa kwa upande wa pili. Kumbe asili ya taabu yote hiyo ni mnyoo mwembamba kama uzi, na kitoto chake kisichoonekana kwa macho.

Patrick Manson alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1844 katika mji mdogo wa Oldmeldrum, karibu na Aberdeen, upande wa kaskazini wa Uskoti. Baba yake alikuwa msimamizi wa benki mjini hapo, tena mwenye mashamba. Watoto walikuwa tisa, naye alikuwa wa pili wa kiume. Shuleni hakusifiwa sana. Alipenda kuwinda na kutembea porini kuliko kukaa na vitabu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alimpiga risasi paka mkali shambani kwa baba yake, akampasua, akatoa tumboni mwake tegu mrefu, akamtazama kwa mshangao mwingi. Hakuna aliyejua siku ile kwamba mtoto yule amekwisha kuishika kazi ya maisha yake mkononi.

Alipopata umri wa miaka 15 alipelekwa Aberdeen kuwa mwanagenzi katika kiwanda cha chuma cha jamaa za mama yake. Kazi ile ilimshinda kwa mwili. Uti wa mgongo ukapinda, mkono wa kuume ukapoteza nguvu, akaamriwa kulala chali muda mwingi wa siku. Kijana mwingine angalihesabu kwamba maisha yake yameharibika. Yeye alianza kusoma habari za wanyama na mimea, na kwa njia hiyo akafikia kutaka uganga. Mwaka 1860 aliingia chuo kikuu cha Aberdeen, na mwaka 1865 akahitimu, akiwa na umri wa miaka 21.

Mwaka 1866 alisafiri kwenda kisiwa cha Formosa, ambacho leo huitwa Taiwan, kuwa daktari wa forodha ya Uchina katika bandari ya Takow. Kazi yake ilikuwa kukagua merikebu na kuwatibu mabaharia, lakini wenyeji nao walimjia. Mwaka 1871 alihamia ng'ambo ya bahari, katika bandari ya Amoy, ambayo leo huitwa Xiamen, akakaa huko mpaka mwaka 1883. Zaidi ya kazi ya forodha aliwatibu Wachina katika hospitali ya wamisioni. Hapo ndipo alipokutana na matende kila siku. Wagonjwa walimjia wakiwa na uvimbe mzito usioelezeka. Inasimuliwa kwamba mmoja alikuwa mchuuzi wa njugu, naye alipanga njugu zake juu ya uvimbe wake kama juu ya meza. Manson aliwapasua wengi, akawapa nafuu. Lakini alijua kwamba kisu chake chakata matawi tu, na mzizi haujui yeye wala mtu mwingine.

Mwaka 1875 alirudi Uingereza kwa likizo, akaoa, na siku zake nyingi akazitumia kusoma katika maktaba ya London. Humo alikuta habari za Daktari Timothy Lewis wa Calcutta, katika Bara Hindi, ambaye mwaka 1872 alikuwa ametangaza kwamba ameona vijinyoo hai wakicheza katika damu ya watu, na baadhi ya watu hao walikuwa na magonjwa ya jamii ya matende. Kijinyoo mmoja ana urefu wa karibu robo ya milimita, naye amevikwa mfuko mwembamba sana kama ala ya kisu. Manson alinunua darubini ya kukuzia vitu vidogo, akarudi nayo Amoy, akaanza kutazama damu za wagonjwa wake. Naye akawaona.

Sasa tuangalie jinsi alivyofikiri, kwa maana fikira zake zilikuwa za njia iliyonyoka. Vijinyoo walio katika damu hawakui. Nao ni wengi mno. Kama wote wangekua katika mtu mmoja wakafikia ukubwa wa mzazi wao, mtu yule angekufa, na minyoo wote wangekufa pamoja naye. Basi hawa ni watoto, na sharti watoke nje wapate kukua. Lakini kijinyoo aliyefungwa katika ala yake hana meno wala njia ya kuitoboa ngozi. Kwa hiyo lazima awepo mwingine wa kumtoa. Ni nani anywaye damu ya watu? Kiroboto, chawa, kunguni, ruba na mbu. Viroboto na chawa wako dunia nzima, bali matende yako katika nchi za joto tu. Basi Manson akamchagua mbu.

Alikuwa na mtunza bustani, Mchina, jina lake Hin-Lo, aliyekuwa na vijinyoo wengi katika damu yake. Katika mwezi wa Agosti 1877 mtu huyu alikubali kulala ndani ya chumba kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya mbu. Taa iliwashwa karibu naye na mlango ukaachwa wazi nusu saa ili mbu waingie. Halafu mlango ukafungwa, wakabaki mtu na mbu mpaka asubuhi. Kulipopambazuka mbu walionekana ukutani, matumbo yamejaa damu. Walifunikwa kwa bilauri, wakatuliza kwa moshi wa tumbaku, wakatiwa katika chupa zenye maji kidogo. Twaona ni haki jina la Hin-Lo lisisahauliwe. Aliyeitazama darubini amepewa sifa na heshima. Aliyelala uchi wa mikono mbele ya mbu usiku kucha ametajwa kwa mstari mmoja.

Kila siku Manson aliwapasua mbu kadhaa chini ya darubini. Katika tumbo la mbu damu ilikuwa imeganda na kuwa nzito, nao vijinyoo wakapigapiga vichwa mpaka wakaivua ile ala yao. Aliogopa kwamba atawaona wakisagwa kama chakula kingine, lakini haikuwa hivyo. Wale walioivua ala walitoboa ukuta wa tumbo, wakaingia katika kifua cha mbu, wakakaa kati ya misuli inayotikisa mabawa. Huko waligeuka. Kijinyoo aliyekuwa mwembamba alifupika na kunenepa. Baadaye akaanza kurefuka, mdomo ukafanyika, na utumbo ukafanyika. Manson alifahamu kwamba macho yake yaona jambo ambalo mtu mwingine hajaliona. Mbu alikuwa mlezi wa mtoto wa mnyoo.

Hata hapo yote ni kweli. Sasa twafika kwenye kosa.

Mbu wake walikufa wote baada ya siku chache. Hakuwapa chakula, kwa kuwa vitabu vichache alivyokuwa navyo vilisema kwamba mbu jike hunywa damu mara moja, hukaa karibu na maji siku kama nne au tano, hutaga mayai yake, kisha hufa majini. Manson aliviamini vitabu, na mbu waliokufa katika chupa zake walionekana kuvithibitisha. Basi akamalizia hadithi kwa mawazo: mbu akifa majini mwili wake huoza, mtoto wa mnyoo hutoka, na mtu akija kunywa maji yale humeza mnyoo. Alisimama mbele ya mlango wa kweli, akaelekeza kidole kwenye dirisha. Angaliwapa mbu wake maji ya sukari au tunda, wangaliishi, naye angaliona mwisho wa safari.

Habari zake zilichapwa mwaka 1877 katika taarifa za forodha ya Uchina, na tarehe 7 Machi 1878 Daktari Cobbold alizisoma mbele ya mkutano wa wataalamu wa elimu ya viumbe huko London. Wako waliostaajabu, na wako waliocheka. Lakini Manson aliendelea. Alikuwa na wasaidizi Wachina aliowafundisha kutazama damu, na ikaonekana kwamba damu iliyotazamwa usiku ina vijinyoo wengi kuliko ile iliyotazamwa mchana, ingawa ni ya mtu yule yule. Basi aliwapima wagonjwa kila baada ya saa kadhaa, mchana na usiku, kwa majuma mengi. Akaona kwamba jua likitua vijinyoo huanza kutokea, usiku wa manane huwa wengi sana, na asubuhi hutoweka. Mtu mmoja huko Ulaya aliposikia aliuliza kwa dhihaka kama vijinyoo hao huvaa saa. Kumbe saa wanayo, nayo ni mbu mwenyewe, kwa maana mbu wa matende hutoka kutafuta damu usiku. Mwaka 1897 Manson alipata nafasi ya kuuchunguza mwili wa mtu mwenye vijinyoo aliyekufa asubuhi, akawakuta wamejazana katika mishipa ya mapafu. Huko ndiko wanakojificha mchana.

Mwaka 1883 alihamia Hong Kong. Huko, mwaka 1887, yeye na Daktari James Cantlie na wengine walianzisha chuo cha kuwafundisha Wachina uganga, na mmoja wa wanafunzi wa kwanza kuhitimu, mwaka 1892, alikuwa Sun Yat-sen, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa jamhuri ya Uchina. Mwaka 1889 Manson alirudi kwao akidhani kwamba amemaliza kazi na atapumzika. Walakini fedha ya Uchina ilishuka thamani, akiba yake ikapungua, ikambidi kuanza tena. Mwaka 1890 alifungua chumba cha uganga London, na mwaka 1892 akapewa kazi katika hospitali ya mabaharia. Watu walimcheka wakimwita Manson wa mbu.

Katika kucheza na damu za mabaharia wenye homa ya malaria aliirudia fikira yake ya zamani. Aliona kwamba vijidudu vya malaria vikitolewa nje ya mwili hubadilika umbo upesi, kana kwamba vilikuwa vikingoja kutoka. Kama mtoto wa mnyoo huhitaji mbu amtoe, je, vijidudu hivi navyo? Mwaka 1894 aliitangaza fikira hii, na mwaka huo huo alimwonyesha darubini daktari mmoja wa jeshi la Bara Hindi, jina lake Ronald Ross. Ross alirudi Hindi akiwa na fikira ya Manson kichwani, na barua nyingi zikapita kati yao. Lakini pamoja na ile kweli Manson alimpa na lile kosa: alimwambia kwamba mbu hufa majini na watu huipata malaria kwa kuyanywa. Kwa hiyo mwaka 1895 Ross alipoteza muda kuwanywesha watu maji yenye mbu waliokufa, asipate jibu la maana.

Ross hakukata tamaa. Tarehe 20 Agosti 1897 aliona vijidudu vya malaria vikikua katika ukuta wa tumbo la mbu wa jamii ya anofelesi. Mwaka uliofuata, akichunguza malaria ya ndege huko Calcutta, alivifuata mpaka katika tezi za mate za mbu, akawaacha mbu hao wawaume ndege wazima, nao ndege wakaugua. Maji hayakuhusika. Mbu alitoa ugonjwa kwa mdomo ule ule aliouchukulia.

Hapo ndipo kosa la mwaka 1877 lilipoanza kuyumba. Matende yalikuwa yameonyesha njia ya malaria. Sasa malaria ikarudi kuyasahihisha matende. Huko Australia Daktari Thomas Bancroft alikuwa amefanya jambo jepesi ambalo Manson hakulifanya: aliwalisha mbu wake ndizi. Mbu waliishi majuma mengi, naye akaona kwamba mtoto wa mnyoo huhitaji zaidi ya majuma mawili kukomaa. Mbu wa namna hiyo waliletwa London wakiwa wamehifadhiwa, na Manson, badala ya kuwaweka kando kwa kuwa wanaweza kumwaibisha, alimkabidhi kijana wake, Daktari George Low, awachunguze. Mwaka 1900 Low aliwakata mbu vipande vyembamba sana, akawaona watoto wa mnyoo wamejipanga ndani ya mdomo wa kunyonyea, vichwa vikielekea nje. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Mtoto wa mnyoo huishi katika kifua cha mbu siku kumi au zaidi, hufikia urefu wa milimita moja na nusu hivi, huenda mdomoni, na mbu anapouma hushuka juu ya ngozi na kuingia kwa tundu lile lile. Kosa la Manson liliondolewa chini ya dari yake mwenyewe, na kwa mkono wa mtu aliyemfundisha. Twaona kwamba katika maisha yake yote hakuna tendo lililo bora kuliko hilo.

Mwaka huo huo wa 1900 alitaka kuwathibitishia watu wa Ulaya habari ya malaria pasipo shaka. Mbu walioambukizwa waliletwa kutoka Roma mpaka London, mahali ambapo mtu hawezi kusingizia hewa ya mabwawa. Aliyejitoa kuumwa na mbu hao alikuwa mwanawe mwenyewe, Patrick Thurburn Manson, aliyekuwa akijifunza uganga. Baada ya siku chache kijana alishikwa na homa, na vijidudu vikaonekana katika damu yake. Akapewa kwinini, akapona. Baba aliyekubali jambo hilo sharti aliamini sana aliyoyasema. Lakini furaha yake haikudumu. Mwaka 1902 kijana huyo, akiwa katika kisiwa cha Christmas kuchunguza ugonjwa wa beriberi, aliuawa kwa ajali ya bunduki. Mwaka huo huo Ross alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi ya malaria, Manson hakupewa.

Hakuiacha kazi. Tangu mwaka 1897 alikuwa mshauri wa uganga katika ofisi ya makoloni. Mwaka 1898 kitabu chake kikubwa cha magonjwa ya nchi za joto kilitoka, na mwaka 1899 shule ya London ya magonjwa hayo ilifunguliwa kwa juhudi yake, karibu na bandari. Madaktari wengi waliokuja Afrika walipita humo.

Tena jina lake limekaa katika ugonjwa mwingine tunaoujua vema katika nchi zetu, nao ni kichocho. Mwaka 1902 alimtazama Mwingereza aliyeishi visiwa vya West Indies, akaona katika kinyesi chake mayai yenye mwiba ubavuni, na katika mkojo hakuona kitu. Kichocho kilichojulikana sana kilikuwa cha mkojo, na mayai yake yana mwiba mwishoni. Manson alisema kwamba huenda minyoo ni wa aina mbili. Mwaka 1907 mnyoo wa kichocho cha tumbo alipewa jina la Manson, naye ndiye awasumbuaye wavuvi na watoto kandokando ya ziwa Victoria. Mwaka 1915, huko Misri, Robert Leiper wa shule ile ile ya London alionyesha kwamba aina hizo mbili hulelewa na konokono mbalimbali. Tazameni tofauti ya malezi: mtoto wa mnyoo wa matende akiingia katika mbu mmoja hutoka mmoja, hazidi, bali mtoto wa kichocho akiingia katika konokono mmoja hutoka maelfu, kila mmoja ana mkia wenye panda, wakiogelea kutafuta ngozi ya mtu. Kwa hiyo kuingia ziwani mara moja kwaweza kumtosha mtu kuugua, lakini matende huja kwa kuumwa na mbu mara nyingi sana kwa miaka.

Manson alistaafu mwaka 1912. Jongo lilimtesa miaka mingi, na furaha yake ya uzeeni ilikuwa kuvua samaki katika maziwa ya Ayalandi. Alifariki London tarehe 9 Aprili 1922, akiwa na umri wa miaka 77, akazikwa Aberdeen.

Je, kazi yake imezaa nini? Mwaka 2007 Uchina, nchi ambamo Hin-Lo alilala kati ya mbu, ilitangazwa kuwa imeyaondoa matende, nayo ilikuwa nchi ya kwanza. Waliwapima watu damu usiku, kwa sababu Manson alikuwa ameonyesha kwamba mchana haifai, wakawapa dawa, na mahali pengine wakaichanganya na chumvi ya chakula. Dawa huwaua vijinyoo walio katika damu, na mbu akija hakuti mtoto wa kulea. Katika Afrika, Togo ilifikia hatua ya kuyamaliza mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020. Kwetu Tanzania dawa zilianza kugawiwa kwa watu wote katika kisiwa cha Mafia mwaka 2000, na Zanzibar mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 1988, watu wa Makunduchi katika kisiwa cha Unguja walikuwa wametoa mfano mzuri. Karibu nusu yao walikuwa na vijinyoo katika damu. Vyoo vya shimo vilimwagiwa vijipira vidogo vyepesi vilivyoelea na kuyafunika maji, viluwiluwi wakakosa pumzi, na watu wakapewa dawa. Baada ya miaka michache waliobaki na vijinyoo walikuwa wachache sana. Walizuia utoto mara mbili: utoto wa mbu katika maji, na utoto wa mnyoo katika damu.

Basi, ndugu wasomaji, tukiona viluwiluwi katika pipa, katika shimo la choo au katika kifuu kilichotupwa uani, tusiseme kwamba ni vidudu tu. Hao ndio walezi wa mnyoo. Tuyafunike maji, tuyamwage yasiyo na kazi, tulale ndani ya chandarua, na wagawaji wa dawa wakija tusijifiche. Mwenye matende aoshe mguu wake kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri kati ya vidole, maana vidonda ndivyo vinavyoukuza uvimbe. Na mwenye mabusha ajue kwamba hospitalini yapasuliwa, naye huweza kurudi kazini. Nasi wengine tuwaachie nafasi karibu nasi. Hakuna aliyewaloga, wala hakuna aibu waliyojitafutia. Waliumwa na mbu wakiwa wamelala, kama sisi tulivyoumwa.

Na lile kosa la Manson tulikumbuke kila mmoja katika kazi yake. Aliona kwa macho yake mambo tisa, la kumi akalichukua kitabuni bila kulipima, na hilo la kumi ndilo lililopotosha. Lakini aliishi hata akaliona likisahihishwa, naye akamshika mkono aliyelisahihisha.